Baiskeli ya Mtu Mzito Isichaguliwe kwa Macho

Zipo imani mbili juu ya baiskeli ambazo zimeenea nchini Tanzania. Imani hizo zinapingana, lakini zote mbili humpoteza mnunuzi mwenye mwili mzito. Ya kwanza ni ya vijijini na ya watu wa makamo: kwamba baiskeli imara ni ile nzito, nyeusi, ya chuma kitupu, mfano wa Raleigh ya Nottingham au Phoenix ya Shanghai, ambayo mtu akiinyanyua husikia uzito wake mpaka mabegani. Ya pili ni ya mijini na ya siku hizi: kwamba baiskeli bora ni ile nyepesi, yenye matairi membamba, usukani uliopinda kama pembe za kondoo, na gia nyingi. Mtu wa kilo 60 anaweza kuishika imani yoyote kati ya hizo bila ya kupata hasara kubwa. Mtu wa kilo 110 hawezi. Yeye hujifunza ukweli wa baiskeli kwa njia ya spoki zilizokatika, ekseli zilizopinda na breki zisizoshika, na masomo hayo hulipiwa fedha na wakati mwingine damu.

Jambo hili si la anasa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kila wiki. Madaktari nao huwahimiza wagonjwa wa shinikizo la damu na kisukari waushughulishe mwili. Kwa mtu mzito, kukimbia ni adhabu kwa magoti, kwa kuwa kila hatua huyatupia uzito wa mwili mzima na zaidi. Baiskeli ina heri nyingine: sehemu kubwa ya uzito huchukuliwa na tandiko, na miguu hubaki na kazi ya kusukuma tu. Isitoshe, chombo hicho humfikisha mtu kazini, sokoni na msikitini au kanisani bila ya gharama ya mafuta. Ni chombo kilichomfaa mtu huyo kuliko wote. Lakini mara nyingi hutokea kwamba baada ya wiki chache spoki ya kwanza hukatika, kisha ya pili, kisha gurudumu huanza kuyumba kama mlevi. Baiskeli huegemezwa ukutani, na mwenyewe huamua kwamba mwili wake ndio wenye kosa. Hukumu hiyo si ya haki. Aghalabu kosa si la mwili. Ni la uchaguzi.

Hoja ya makala haya ni moja. Baiskeli ya mtu mzito haifai kupimwa kwa uzito wake yenyewe, uwe mwingi au mdogo. Inafaa kupimwa kwa kazi ambayo gurudumu lake la nyuma linaweza kuifanya siku baada ya siku; na kipimo hicho kiandikwe juu ya chombo, ili mnunuzi akisome kabla ya kutoa fedha zake.

Gurudumu hubebaje?

Ichukuliwe kwa mfano baiskeli ya kilo 18, yenye mwendeshaji wa kilo 110 na mzigo wa kilo 12 nyuma. Jumla ni kilo 140. Kwa namna mtu anavyokaa wima juu ya baiskeli ya kawaida, karibu theluthi mbili ya uzito huo huliangukia gurudumu la nyuma, yaani kilo 90 au zaidi kidogo. Hiyo ni hesabu ya baiskeli iliyotulia. Gurudumu likipiga shimo au ukingo wa lami kwa kasi, nguvu hiyo huweza kuwa mara mbili au zaidi kwa kufumba na kufumbua.

Watu wengi hudhani kwamba uzito huo umekaa juu ya spoki za chini kama paa linavyokaa juu ya nguzo. Dhana hiyo haina msingi. Spoki ni uzi wa chuma wenye unene wa milimita 2 hivi. Mtu akiushika ncha zote mbili na kuusukuma, hupinda papo hapo. Gurudumu husimama kwa sababu spoki zote zimekwisha kuvutwa tangu siku liliposukwa. Katika gurudumu lililosukwa vizuri kila spoki huvutwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 80 hadi 100, hata spoki 36 zikijumlishwa pamoja, mvuto wake hufika tani 3 hivi. Uzito wa mtu unaposhuka juu ya ekseli, zile spoki chache zilizo chini, zinazoielekea ardhi, hupungukiwa na sehemu ya mvuto huo, na nyingine hubaki karibu kama zilivyokuwa. Kwa maneno mengine, gurudumu hubeba kwa kulegea kidogo upande wa chini, na akiba ya nguvu yake ni ule mvuto uliowekwa na fundi.

Kutokana na jambo hilo yanafuata mambo mawili ambayo kila mtu mzito yafaa ayafahamu. La kwanza ni kwamba spoki zilizolegea ni hatari kuliko spoki nyembamba. Spoki ikiwa haina mvuto wa kutosha, uzito ukishuka hulegea kabisa, kinati chake hujifungua chenyewe polepole, na ringi hubaki bila ya mshikamano. La pili ni kwamba idadi ya spoki ina maana kubwa, kwa kuwa zikiwa nyingi, kupungua kule kwa mvuto hugawanywa baina ya nyingi. Waingereza waliotengeneza baiskeli za barabarani za zamani walilielewa jambo hilo: desturi yao ilikuwa spoki 32 mbele na 40 nyuma. Siku hizi utaratibu wa kawaida wa baiskeli za kazi ni 36 kwa 36. Magurudumu ya baiskeli za mbio, yaliyokusudiwa vijana wembamba na barabara laini, mara nyingi huwa na spoki 24 au pungufu ya hapo. Mtu wa kilo 110 akinunua gurudumu la namna hiyo, amenunua kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake.

Uchovu wa chuma

Mara nyingi spoki hukatika barabarani palipo laini, asubuhi tulivu, bila ya shimo wala kishindo. Mwendeshaji hushangaa, na fundi husema kwamba spoki ni mbovu. Sababu halisi ni ile inayoitwa na wahandisi uchovu wa chuma. Gurudumu la inchi 28 huzunguka mara 450 hivi katika kila kilometa. Mtu anayekwenda kilometa 20 kwa siku hulizungusha mara 9,000. Na katika mwaka wa siku 300 za kazi, mara 2,700,000. Katika kila mzunguko kila spoki hulegea mara moja na kukaza mara moja. Kila tendo moja ni dogo mno, lakini wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Ufa mdogo usioonekana huanzia kwenye shingo ya spoki, pale ilipopinda kuingia katika kitovu cha gurudumu, nao huendelea kidogo kidogo mpaka siku moja sehemu iliyobaki haiwezi tena.

Elimu hii haikuanza na baiskeli. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, aliichunguza katika miaka ya 1850 na 1860, baada ya kuonekana kwamba ekseli za mabehewa zilikuwa zikivunjika kwa mizigo midogo kuliko ile iliyotarajiwa kuzivunja. Aligundua kwamba nguvu ndogo ikirudiwa mara nyingi huvunja chuma ambacho nguvu kubwa ya mara moja haikukivunja. Aligundua pia habari njema: kwa chuma cha pua upo mpaka ambao, nguvu ikikaa chini yake, chuma hicho hudumu karibu bila ya kikomo. Ustadi wote wa kumchagulia mtu mzito baiskeli ni kuhakikisha kwamba sehemu zinazorudiarudia kazi hiyo zinabaki chini ya mpaka huo.

Ndiyo maana mkono wa fundi una thamani kuliko jina lililoandikwa kwenye fremu. Fundi hodari husuka gurudumu kwa mvuto mkubwa na ulio sawa. Kisha huzikamata spoki mbili mbili na kuzibana kwa nguvu, ili shingo zake zikae vyema katika matundu na mapindo yasiyo ya lazima yaondoke. Gurudumu jipya likisha kwenda kilometa mia moja au mbili, hulirudia tena na kulikaza. Mnunuzi naye anaweza kupima mwenyewe: akizigusa spoki za upande mmoja kwa ukucha kama apigaye zeze, zote zitoe sauti inayokaribiana. Moja ikitoa sauti nzito na ya kukwaruza, imelegea. Kipimo hicho hakina gharama, na pengine ni bora kuliko sifa zote za muuzaji.

Jambo moja huwashangaza wengi. Spoki zilizopunguzwa unene katikati na kuachwa nene kwenye ncha, kwa mfano milimita 2.0 kwenye ncha na 1.8 katikati, hudumu kuliko zile zenye unene mmoja. Sababu yake ni kwamba sehemu nyembamba huvutika kidogo zaidi na kuipunguzia shingo mshituko. Kwa hiyo si kila unene ni nguvu, na yule anayesisitiza awekewe spoki nene kupita kiasi huenda anaununua udhaifu.

Tairi na upepo

Baada ya gurudumu linafuata tairi. Hapa sheria ya fizikia ni nyepesi: eneo la tairi linalogusa ardhi hukaribia kuwa sawa na uzito ukigawanywa kwa nguvu ya upepo uliomo ndani. Gurudumu lililobeba kilo 90 na kujazwa upepo wa pauni 60 huigusa ardhi kwa sentimita mraba 21 hivi. Likijazwa pauni 110, kwa sentimita mraba 12. Tairi jembamba la milimita 25 lenye upepo mdogo halina nafasi ya kutosha ya kujibonyeza, na kwa hiyo ringi hushuka mpaka ikagonga ardhi, ikiubana mpira wa ndani na kuutoboa matundu mawili yanayofanana na meno ya nyoka. Ili kuliepuka jambo hilo, mtu mzito hulazimika kulijaza tairi hilo upepo mpaka likawa gumu kama ubao, na hapo kila kokoto hupelekwa moja kwa moja kwenye spoki na uti wa mgongo.

Dawa yake si upepo zaidi, bali upana zaidi. Tairi la milimita 37 au 40 hubeba mzigo uleule kwa pauni 60 hivi, hupita juu ya changarawe bila ya kelele, na hulikinga gurudumu zima. Wapo wasemao kwamba tairi pana ni zito kusukuma. Madai hayo hayana nguvu kwa mtu mzito: tairi jembamba lisilo na upepo wa kutosha hupoteza nguvu nyingi zaidi kwa kujikunja kila linapozunguka. Kwa barabara za Tanzania, ambako lami huishia ghafla na kifusi kuanza, tairi la chini ya milimita 32 halipasi kufikiriwa hata kidogo na mtu anayezidi kilo 100. Kwa hiyo, kabla ya kuinunua fremu yoyote, itazamwe kama kati ya mabomba yake na uma wa mbele ipo nafasi ya kupitisha tairi pana. Fremu nyingi za mbio hazina nafasi hiyo, na kasoro hiyo haitengenezeki.

Fremu na ekseli

Juu ya fremu pamesemwa mengi kuliko yanayostahili. Chuma cha aina zote, cha bei kubwa na cha bei ndogo, hukaribia kuwa na ukakamavu mmoja. Kinachotofautiana ni nguvu yake ya kustahimili kabla ya kupinda au kuvunjika. Kinachoifanya fremu isiyumbeyumbe chini ya mtu mzito ni kipenyo cha mabomba yake. Bomba lenye ukuta wa unene uleule, likiongezwa kipenyo kwa robo, huongezeka uzito kwa robo tu, lakini ukakamavu wake hukaribia kuwa maradufu. Hapo ndipo imani ya kijijini inapoanguka: kilo nyingi za chuma zilizotiwa katika bomba jembamba hazina faida kama kilo chache zilizotiwa katika bomba pana. Aluminiamu hufaa ikiwa mabomba yake ni mapana, lakini haina mpaka ule alioukuta Wöhler katika chuma, na ikivunjika si kila fundi anaweza kuiunga. Fremu za nyuzi za kaboni zina nguvu, ila huweza kuumia ndani bila ya kuonyesha alama nje, na hakuna fundi chini ya mwembe awezaye kuzitibu. Kwa sababu hizo fremu ya chuma, yenye mabomba ya kipenyo cha kutosha, bado ni rafiki wa mtu mzito katika nchi ambayo mashine ya kuchomelea inapatikana karibu kila mji mdogo.

Fremu ya kike inahitaji neno lake. Bomba la juu likiondolewa ili mwanamke mwenye khanga au gauni apande kwa heshima, fremu hupoteza sehemu kubwa ya ukinzani wake dhidi ya kusokotwa. Kwa mwanamke mwembamba hasara hiyo haionekani. Kwa mwanamke mzito, tena mwenye ndoo au mtoto nyuma, baiskeli huanza kupepesuka. Mwanamke huyo asilazimishwe kununua fremu ya kiume. Atafute ile yenye mabomba mawili yaliyoshuka sambamba, hasa yale yanayofika mpaka kwenye ekseli ya nyuma. Hali kadhalika wote, wake kwa waume, wachunge alama iliyochorwa kwenye nguzo ya tandiko. Nguzo ikivutwa juu kupita alama hiyo, mtu mzito huigeuza kuwa mtaimbo wa kuipasulia fremu yake mwenyewe.

Ekseli ya nyuma ndiyo inayosahauliwa kuliko vyote. Katika magurudumu ya gia nyingi ya mtindo wa zamani, rundo la meno hufungwa kwa skrubu nje ya kitovu, na gololi za upande wa kulia hubaki ndani, mbali na fremu. Hivyo kipande kirefu cha ekseli ya milimita 10 huachwa bila ya mhimili, nacho hupinda au kukatika chini ya uzito mkubwa. Mwaka 1978 kampuni ya Shimano ya Japani ilileta muundo ambao gololi hizo husogezwa nje, karibu kabisa na fremu, na ugonjwa huo ukapungua sana. Lakini baiskeli nyingi za bei nafuu zenye gia 18 au 21 zinaendelea kutengenezwa kwa mtindo wa zamani. Mtu mzito asiyehitaji milima anaweza kuepukana na shida hiyo kwa kuchagua baiskeli ya jino moja. Anayehitaji gia amwombe fundi amfungulie gurudumu na kumwonyesha gololi zilipo.

Kusimama ni muhimu kuliko kwenda

Hadi hapa imezungumzwa hasara ya fedha. Breki ni suala la maisha. Kwa kasi ya kilometa 30 kwa saa, baiskeli na mtu wenye jumla ya kilo 80 wana nishati ya jouli 2,800 hivi. Wenye jumla ya kilo 140 wana jouli 4,900. Nishati yote hiyo haina budi kugeuzwa joto ili baiskeli isimame. Kwenye miteremko hesabu huwa kali zaidi. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara hushuka kiasi cha mita 1,000. Kilo 140 zikishuka mita hizo hutoa nishati inayotosha kuchemsha lita 4 za maji. Sehemu yake huchukuliwa na upepo unaompiga mwendeshaji, lakini iliyobaki yote ni mzigo wa breki.

Ringi za chuma zilizopakwa kromu, ambazo hung'aa na kupendeza dukani, hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake zikilowa maji. Ringi za aluminiamu hushika vizuri zaidi, katika mvua na katika kiangazi. Kwa mtu mzito anayeishi Lushoto, Mbeya au kwenye miteremko ya Uluguru, ringi za chuma zenye breki za vyuma virefu visivyo na waya zinafaa zikataliwe moja kwa moja, hata kama baiskeli ni imara kwa mambo mengine yote. Breki za sahani zinazovutwa kwa waya ni bora zaidi, kwa kuwa joto haliendi kwenye tairi na fundi wa kawaida anaweza kuzirekebisha. Ila nguvu ya kusimamisha hupitia kwenye spoki, na kwa hiyo zisifungwe katika gurudumu lenye spoki chini ya 32.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba wazee walipakiana wawili juu ya Raleigh kwa miaka 30, na kwamba hadi leo wachuuzi wa mkaa hupakia magunia mawili na matatu juu ya Phoenix. Hayo ni kweli, na tena historia ina mifano mikubwa zaidi: katika vita vya Dien Bien Phu mwaka 1954, Wavietnamu walisafirisha mizigo ya kilo 200 na zaidi juu ya baiskeli moja. Lakini baiskeli zile ziliimarishwa kwa vyuma na miti, na zilisukumwa kwa mkono, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Mchuuzi wa mkaa naye hushuka na kusukuma kila anapofika penye matuta. Kitu kinachovunja gurudumu si uzito pekee, bali uzito pamoja na kasi na kurudiwarudiwa. Na ile Raleigh ya wazee ilikuwa na spoki 40 nyuma, tairi pana na tandiko la springi. Si kila baiskeli nyeusi ya leo yenye umbo lile imerithi mambo hayo. Ahadi ya umbo ithibitishwe kwa kuhesabu spoki.

Wapenzi wa wepesi nao wana hoja yao, hasa wale vijana wa mijini wanaotoka alfajiri kwa vikundi kuipa miili mazoezi. Wanasema kwamba kilo moja iliyopunguzwa ni kilo moja isiyosukumwa. Hesabu yenyewe inawajibu. Mtu wa kilo 110 akinunua baiskeli ya kilo 9 badala ya kilo 13, amepunguza kilo 4 kati ya 123, yaani asilimia 3 tu ya mzigo anaousukuma mlimani. Na kwenye tambarare faida hiyo karibu haionekani. Kwa asilimia hiyo 3 amelipa bei kubwa zaidi na kupokea magurudumu dhaifu zaidi. Kwa hakika mtu mzito ndiye anayefaidika na wepesi wa baiskeli kidogo kuliko watu wote, na ndiye anayeulipia kuliko wote. Kama anapenda usukani uliopinda na mwendo wa barabarani, ipo jamii ya baiskeli iliyobuniwa kwa safari ndefu na mizigo, yenye spoki 36, nafasi ya matairi mapana na gia za kupandia milima. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Namba moja

Inabaki sababu ambayo si ya uhandisi. Mtu mzito huona haya kutaja kilo zake mbele ya muuzaji na wateja wengine, kwa kuwa desturi ya mitaani ni kumtania: baiskeli italia, tairi litapasuka, anunue trekta. Utani una mahali pake katika maisha, lakini dukani huleta hasara, kwa sababu muuzaji huuza bila ya kuuliza na mnunuzi hununua bila ya kusema. Hakuna anayeona aibu kuuliza lori hubeba tani ngapi. Tani hizo huandikwa ubavuni mwake, na dereva na askari wa barabarani huzisoma bila ya kucheka. Baiskeli inastahili heshima hiyohiyo.

Kipimo chenyewe kipo tayari. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa baiskeli, ISO 4210, kilichotolewa kwa mpangilio mpya mwaka 2014 na kurekebishwa mwaka 2023, kinamtaka mtengenezaji aeleze katika kitabu cha maelezo uzito wa juu unaoruhusiwa. Tatizo ni kwamba kitabu hicho aghalabu hakimfikii mwendeshaji. Baiskeli mpya huja vipandevipande katika maboksi na kuungwa na fundi wa dukani, na karatasi huishia kufungia vitumbua. Baiskeli za mitumba kutoka Japani na Ulaya hazina kitabu chochote. Hata pale ambapo namba inapatikana, wengi huisoma vibaya. Ikiandikwa kilo 120, humaanisha mara nyingi jumla ya kila kitu: ikitolewa baiskeli ya kilo 15 na mzigo wa kilo 10, mtu aliyeruhusiwa ni wa kilo 95.

Shirika la Viwango Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1975, ndilo lenye dhamana ya mambo ya namna hii, nalo lingefanya wema mkubwa kwa gharama ndogo kama lingehimiza namba hiyo igongwe kwenye chuma cha fremu, chini ya tandiko, kwa tarakimu zinazosomeka, pamoja na maelezo mafupi kwamba ni jumla ya baiskeli, mtu na mzigo. Vyuo vya ufundi navyo vingefaa kuufundisha usukaji wa magurudumu kama fani kamili yenye vipimo vya mvuto, badala ya kuuacha uokotwe vijiweni kwa kubahatisha. Hayo mawili, namba kwenye fremu na fundi aliyefunzwa, yangeokoa fedha nyingi za wananchi kuliko matangazo yote ya baiskeli nyepesi.

Mpaka hapo yatakapotendeka, mnunuzi mzito anayo silaha yake. Aingie dukani akiwa amekwisha kujipima. Aizitaje kilo zake kwa sauti, aongeze za mzigo wake, kisha aulize gurudumu la nyuma lina spoki ngapi, tairi lina upana gani, gololi za ekseli ziko wapi na ringi ni za kitu gani. Muuzaji akicheka, aende duka la pili.